Mutiso wa Tenti: Maisha ya Marehemu Morris Mutiso Kilonzo

Marehemu Morris Mutiso Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Nuu, Mwingi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kilonzo na Mama Syombua. Alimaliza darasa la nane mwaka 1986, kisha akaenda kwa mjomba wake, fundi cherehani wa Mwingi mjini, akajifunza kushona turubai.

Mwaka 1996 alihamia Garissa kushona maturubai ya malori. Miaka mitatu baadaye alishona tenti yake ya kwanza, ya samawati na nyeupe, na tangu hapo arusi nyingi za mji zilifanyika chini ya kazi ya mikono yake. Tenti zake alizifunga hadi Ijara na Eldas. Alifika kabla ya jua kuwa kali, akaachia vumbi limwagike kutoka mkononi kupima upepo, na vigingi vya kona hakumwachia mtu mwingine kuvigonga.

Tarehe 11 Agosti 2001 alifunga ndoa na Risper Aketch, mwalimu aliyejuana naye alipokuja kuomba tenti ya siku ya wazazi shuleni. Siku ya arusi yao wageni walikaa juani, maana tenti zake zote mbili zilikuwa kwa Mzee Noordin, aliyekuwa akimwoza binti yake. Bibi arusi alipouliza kama hakuweza kubakiza hata moja, alijibiwa, "Niliwapa neno langu kabla hatujapanga yetu." Risper alinuna mpaka keki ilipokatwa. Miaka ya baadaye yeye ndiye aliyependa kukisimulia kisa hicho.

Mwaka 2016 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari. Februari mwaka huu, akifungua tenti, alikanyaga kigingi chenye kutu. Risper alikiosha kidonda asubuhi na jioni, nacho kikazidi kupanda mguuni. Mwishoni mwa Aprili madaktari walisema apelekwe Nairobi akapasuliwe, lakini mto Tana ulikuwa umefurika na barabara ya Madogo, ya kutoka Garissa kwenda Nairobi, iko chini ya maji.

Tarehe 29 Aprili ambulensi ilifika ukingoni ikasimama. Risper aliwasihi wenye boti, mmoja baada ya mwingine. Abdiwahid, mwenzake marehemu kazini kwa miaka ishirini, aliingia majini kupima kina, yakamfika kifuani, akarudi.

"Boti haiwezi beba mtu amelala," alimwambia Risper bila kumtazama.

Ndege iliombwa, mawingu yakaizuia. Walingoja kwa muda wa saa tano, magari ya ng'ambo yakionekana wazi. Risper alimpepea mumewe kwa leso, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya.

"Mama Mwende," marehemu alimwambia, "turudi tu."

Alifariki huko Garissa, Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa kumi alasiri. Maji yalipungua wiki mbili baadaye, akaletwa nyumbani kwa barabara ile ile.

Ameacha mjane, Risper, watoto, Mwende, Kyalo na Akinyi, mama yake, Syombua, ndugu wanne, na Abdiwahid, ambaye familia inamhesabu kuwa wa tano. Simu ya marehemu ingali inaita. Watu wa Bute na Eldas ambao habari haijawafikia wanataka tenti za Juni. Risper hajui awaambie nini, kwa hiyo huitazama mpaka inyamaze.

Mungu ampokee Mutiso wetu, ampumzishe kwa amani.