Shangazi wa Vyuo na Darasa la Famasia

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Wizara ya Elimu, mkaguzi mwandamizi wa Idara ya Elimu ya Juu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake limeandikwa kwenye mlango wa chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu, ila hakuna anayelitumia. Kuanzia walinzi wa getini hadi Katibu Mkuu, wote tunamwita Shangazi. Naye huitika vizuri tu, mradi usimwite ukiwa umechelewa kazini.

Jina hilo alipewa na makamu wakuu wa vyuo, na hawakumpa kwa mapenzi. Walilalamika kwamba anaingia chuoni kama shangazi anavyoingia nyumbani kwa kaka yake: hangoji kukaribishwa sebuleni, anakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Sisi tulioongozana naye tunathibitisha kwamba hawakutia chumvi. Wenyeji wakishaandaa ukumbi, vitambaa vya meza na hotuba ndefu, yeye huuliza maabara iko wapi. Akifika huko hufungua bomba. Maji yasipotoka, hotuba inasubiri.

Alianza kama mwalimu wa kemia sekondari, akahamishiwa wizarani wakati idara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyozunguka ilipojisikia. Siku hizo vyuo vikuu vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baadaye vikaota kila mahali, juu ya maduka ya simu na nyuma ya vituo vya mafuta, na wapo walioamini kwamba kazi ya wizara ni kwenda kukata utepe na kurudi na picha. Shangazi hakuwa na simile na mawazo hayo. "Mzazi hawezi kukagua chuo," alikuwa akituambia. "Hajui maabara, hajui mhadhiri. Anatazama muhuri wetu tu. Muhuri ukidanganya, tumedanganya sisi."

Alikuwa na desturi ya kukaa safu ya nyuma darasani bila kujitambulisha. Mhadhiri mmoja wa takwimu alidhani ni mwanafunzi mtu mzima, akamsimamisha ajibu swali. Shangazi akajibu, akakosea, akaambiwa mbele ya darasa aende akasome kwanza ndipo aje. Tulijua yule bwana amekalia kuti kavu. Kumbe taarifa ya ukaguzi ilipotoka, yeye ndiye aliyesifiwa kuliko wote, na Shangazi akaazima kitabu cha takwimu maktaba.

Kisa ambacho idara nzima inakijua ni cha fundi wa maabara. Miaka mitano iliyopita Shangazi alikagua chuo kimoja siku ya Jumatatu, akaonyeshwa maabara safi na fundi mpole mwenye koti jeupe. Alhamisi alifika chuo kingine, mji mwingine kabisa, kilichokuwa kikifundisha shahada ya famasia. Maabara ilikuwa inang'aa, hadubini zimejipanga, mizani zimefutwa vumbi. Mlangoni alisimama fundi yule yule. Vyuo vilikuwa vimeazimana vifaa, na mwenye vifaa alikataa katakata vitoke bila mtu wake kuvisindikiza. Maskini ya Mungu, adabu ikamponza. "Shikamoo Shangazi, karibu tena," akasema. Mkuu wa chuo alipigwa na butwaa. Shangazi akaitikia, "Marahaba mwanangu. Pole na safari."

Sisi tulicheka mpaka tukatoka nje. Yeye hakucheka. Alimwita mwanafunzi wa mwaka wa nne, akamwomba ampimie gramu chache za unga kwenye mizani. Binti yule aliitazama ile mizani kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua, akarudisha mikono nyuma. Alikuwa amebakiza muhula mmoja kuhitimu. Mwaka ambao ungefuata angekuwa nyuma ya dirisha la duka la dawa, akiwapimia watoto wa watu. Miaka yote minne walikuwa wamefundishwa kupima kwa picha za ubaoni, yeye na darasa lake zima.

Tuliporudi wizarani mkutano uligawanyika. Baadhi yetu tulitaka chuo kifungwe siku hiyo hiyo na kitangazwe kwenye taarifa ya habari, tuonekane tuna meno. Wengine, waliokuwa wamekwisha kupigiwa simu na wakubwa, walitaka chuo kipewe muda, yaani tufumbe macho. Shangazi alikataa yote mawili. Alitaka udahili usimamishwe mara moja na chuo kifungwe, lakini amri ya kukifunga isitoke kabla kila mwanafunzi hajapatiwa nafasi kwingine. "Hawa waliingia humo kwa muhuri wetu," alisema. "Mwenye chuo atafungua hoteli kesho. Wao mnawapeleka wapi?" Mkubwa mmoja akamkumbusha kwamba wizara inasimamia vyuo, haitafutii watu viti. Shangazi akamuuliza hivyo vyuo tunavisimamia kwa ajili ya nani. Kikao kikaisha kama alivyotaka yeye.

Akajifunga kibwebwe. Vyuo vya umma vyote vilidai vimejaa hadi pomoni. Wakuu wa vyuo hivyo walisahau kwamba maabara zao alizikagua mwenyewe na alijua zipi zinafungwa Jumamosi. "Ile ya ghorofa ya pili, Jumamosi nani yumo?" aliuliza kwenye simu. Mtu akaanza kupekua ratiba. "Haya, basi nakuletea watu." Makamu mkuu mmoja alimkwepa kwa kumwambia kwenye simu kwamba yuko safarini. Shangazi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi yake, akiisikia sauti yake kupitia mlangoni. Bwana yule alipotoka kwenda kula alimkuta amekunja miguu, anamenya chungwa. Wanafunzi walipokelewa wiki iliyofuata.

Si kila mtu alimshukuru. Wanafunzi walitakiwa kurudia mwaka mzima wa maabara, na wazazi walijaa kwenye uwanja wa wizara wakiwa na hasira za haki. Baba mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba amemzika mwanawe akiwa hai. Mlinzi alitaka kuingilia, Shangazi akamzuia. Alikaa nao kwenye ngazi mpaka kivuli kikawaishia, akawaeleza bila kupindisha maneno: shahada ile isingetambuliwa popote, na hata ingetambuliwa, yeye binafsi asingemeza dawa iliyopimwa na mtu ambaye hajawahi kugusa mizani. Kisha akawaomba radhi kwa niaba ya wizara. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na wapo wakubwa wa ghorofani waliomkasirikia. Asubuhi yake alikuwa kwenye simu kabla hatujafungua madirisha.

Leo ipo kanuni kwamba hakuna chuo kinachofungwa kabla wanafunzi wake hawajapangiwa pa kwenda. Watumishi wapya wanadhani ilikuwepo tangu zamani. Haikuwepo. Aliipigania kwa mawaziri watatu mfululizo, na wa tatu aliitia saini, nadhani, ili apate kupumzika.

Nyumbani Shangazi ni mke wa fundi wa majokofu, mzee mcheshi anayedai kwamba yeye ndiye mtu aliyekaguliwa zaidi nchini. Wana mabinti wawili na wajukuu watatu. Mkubwa wa wajukuu ametuambia kwamba bibi hakubali neno "nimemaliza" mpaka aone daftari. Tumempa pole, tumemwambia na sisi tulilelewa hivyo hivyo.

Darasa la famasia lilihitimu, isipokuwa kijana mmoja. Alikatisha masomo kumuuguza mama yake, akafungua kibanda cha kutengeneza simu, na aliporudi chuo kilichompokea kikasema muda wake umekwisha. Shangazi alimtafuta mpaka akampata, kisha akaenda mbele ya kamati ya seneti ya chuo hicho. Hoja yake ilikuwa moja: muda wa kijana uhesabiwe tangu siku alipopewa maabara ya kweli. Walibishana naye sana, hawakufua dafu. Wakampa kijana mtihani mmoja wa vitendo, wa kwanza na wa mwisho. Akianguka, basi.

Sisi huku tulishaanza mipango ya kumuaga. Shangazi akatupiga marufuku. Alisema hawezi kuagwa wakati ana mtu wake bado yuko ndani ya chumba cha mtihani. Tukamweleza kwamba tarehe ya kustaafu haibadiliki kwa sababu ya kijana mmoja. Akasema hata kama ni mmoja, ni wetu.

Jana mchana, jarida hili likiwa tayari kwa mchapaji, simu iliita chumba cha mwisho. Tulijazana mlangoni. Alisikiliza, akauliza mara mbili, akaweka simu chini. "Amepita," akasema, "tena mizani yake haikukosea hata chembe." Akavua miwani, akalia mbele yetu wote bila kujificha, na wengi wetu tukamfuata. Alipomaliza alijifuta uso kwa upindo wa mtandio, akatukazia macho kama kawaida yake. "Mnatazama nini? Sasa nileteeni hiyo keki."

Keki ipo, Shangazi. Karibu ukumbini Ijumaa uikate kwa mkono wako. Asante kwa kazi, kwa ukali na kwa kutokubali. Mungu akupe afya njema na siku nyingi za furaha pamoja na mzee na wajukuu. Watu wako wote wamehitimu. Nenda nyumbani, mama yetu.