Felisian Magesa na Pipa Lisilokauka

Mwitongo, Butiama. Ijumaa, tarehe 11 Novemba 1994.

Ndugu waombolezaji, aliye juani asogee kivulini, nafasi ipo. Tuliyemleta nyumbani leo ni Mzee Felisian Magesa. Anayesoma ni Thadeo, mdogo wake wa kumfuata. Ukoo umemwomba asome yote, hata yanayomhusu yeye mwenyewe, naye amekubali.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mwitongo tarehe 3 Juni 1938, mtoto wa kwanza wa Mzee Bernado Magesa na Mama Esta. Alisoma shule ya msingi Butiama, kisha shule ya kati Musoma, akamaliza darasa la nane mwaka 1954. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe, kwa kamusi na subira.

Mwaka 1959 aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara katika hospitali moja ya Musoma, akapanda hadi kuwa msaidizi wa maabara. Kabla ya kuinamia hadubini alikuwa akigonga meza na kusema, "Hodi humu!" Wauguzi walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akawajibu, "Sasa ninyi mnaingiaga kwenye mji wa watu bila hodi?"

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na Hyasinta, binti wa Kiabakari. Walijaliwa watoto watatu. Hyasinta anasema katika miaka ishirini na minane mumewe hakuwahi kumpandishia sauti, ila siku aliyokuta mtungi umefunikwa bila kusuguliwa.

Sasa tufike kwenye pipa. Wengi mnalijua. Mzee Bernado alilinunua mwaka 1979, na katika miaka ile ya foleni, watu wakipanga mstari kwa kipande cha sabuni, kwetu maji hayakuisha. Likifika nusu, wasichana wanajaza juu yake. Ikawa sifa ya nyumba: pipa la Magesa halikauki. Na kwa kuwa halikauki, halikusuguliwa.

Mwaka 1987 daktari mmoja mgeni alimwachia marehemu jarida kuhusu bakteria. Alilisoma miezi minane. Alipolimaliza alikuja hapa, akaingiza mkono ndani ya pipa, akapapasa ukuta wake.

"Thadeo, huu utelezi ni kijiji."

"Kijiji cha nani, kaka?"

"Cha wadudu. Mmoja akiwa peke yake ni kama mgeni, ananyamaza. Anatoa kitu kidogo, tuseme kama harufu. Mwenzake naye anatoa. Harufu ikizidi, wanajua sasa tumekuwa wengi. Hapo ndipo wanapoanza kazi: wanatengeneza ute, wanajifunika. Ukitia dawa, unaua walioko mlangoni. Walioko ndani wanangoja, kesho wanatoa wengine majini. Limwage tulisugue."

"Kumbe wana baraza!" Thadeo alisema, na watu wakaangua kicheko. "Na mwenyekiti wao ni wewe!" Jina la Mwenyekiti likamganda. Pipa halikumwagwa. Sabuni ilipokuwa haipatikani, tulisema hakuna sabuni. Ilipojaa madukani, hatukusema kitu.

Mwaka 1993 Jeska, binti wa Thadeo, alianza kuugua tumbo. Marehemu alileta dawa ya kutia kwenye maji ya pipa, mtoto akapata nafuu, kisha akaugua tena. Januari mwaka huu ukoo ulikaa. Ilisemwa kwamba wadudu wamekuja na koti lake la hospitali, maana ni nani mwingine anayewajua kiasi hicho? Akakatazwa kugusa kata ya kuchotea maji ya pipa. Akapewa kopo lake la bati, linalotundikwa kwenye msumari nje ya jiko. Aliyepigilia msumari ule ni Thadeo.

Marehemu alilitumia kopo hilo. Mwezi uliofuata alipunguzwa kazini, akahamia Bunda na mkewe.

Mwezi wa nane Jeska alilazwa, hata kusimama hawezi. Thadeo akaenda Bunda. Alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Alipofika mlangoni alisema tu kwamba Jeska amelazwa. Marehemu akauliza, "Mmelimwaga?"

"Bado, kaka."

"Twende."

Jumamosi tarehe 27 Agosti pipa lililazwa chini. Ndani, ute ulikuwa mzito kama mlenda, na Thadeo aliutia kidole mbele ya watu wote. Marehemu aligonga bati la pipa. "Hodi humu," akasema, akaingia mpaka kiunoni, akasugua kwa mchanga, majivu na brashi ya katani. Alitoka na kiganja kimechanwa na kutu. Akaona kiu. Thadeo akamletea maji ya kuchemsha ndani ya kata ya nyumbani, kwa mikono miwili. Marehemu akaipita, akaenda kwenye msumari, akachukua kopo lake.

"Achana nayo, mdogo wangu. Nimeshazoea hili."

Jeska alipona. Kiganja hakikupona. Marehemu alikuwa na kisukari, na kidonda kilifunga utando juu, kikaoza chini. Thadeo alipomuuguza, marehemu alimwonyesha kidonda kwa kidole: "Unaona? Hawa nao wameshajenga." Hakusema ni kwa sababu ya nani. Sumu iliingia kwenye damu, akafariki Jumanne tarehe 8 Novemba 1994, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Hyasinta, watoto Danford, Helena na Apolinary, wajukuu saba, Jeska, aliye hai, na mdogo wake Thadeo, aliyemcheka.

Mmeona pipa pale, limegeuzwa kichwa chini, na mmeambiwa mje na ndoo zenu. Kuna waliosema msiba wa Magesa umekosa maji. Ni kweli. Limesuguliwa asubuhi na mikono hii, na litabaki kavu mpaka mjane atakaposema lijazwe.

Kaka Felisian, lala salama. Tumelimwaga.