Roelfien Hadders na Ua la Kipande cha Kaskazini

Tarehe 30 Septemba, Roelfien Hadders anastaafu baada ya kuitunza nyika yetu ya majimaji ya Eldermeer, hapa mkoani Drenthe, kwa miaka thelathini na sita.

Alianza mwaka 1988 na sepetu moja na koti la kaka yake. Aliisoma ardhi kwa mimea yake: penye vichaka vifupi vyenye maua ya waridi kama kengele, maji yako karibu, penye vijani vyekundu vinavyonasa wadudu, udongo ni fukara, na ufukara huo ndio afya ya nyika. Nyasi ndefu zikizidi, alikwangua tabaka la juu la udongo ili vimea vidogo navyo vipate jua. Mgeni akikanyaga ovyo alisikia, "We! Hilo si zulia la kwenu!" Hata wakubwa wa wizara hawakupona.

Mwaka 2003 alisimamia ukwanguaji wa kipande cha kaskazini. Sisi watu wa huku tunapenda kazi safi. Akamwambia mwenye mashine achimbe mpaka mchanga mweupe uonekane. Kikang'aa kweli. Kumbe mbegu za jentiani, ua la buluu la mwisho wa kiangazi, zilikuwa kwenye ule udongo mweusi uliobebwa. Halijaota tena pale. Roelfien hakumsingizia mtu. Kila Agosti alipiga magoti akilitafuta, na sisi akatufundisha, "Acheni udongo mweusi kidogo. Usafi wenu pelekeni jikoni." Ndiyo maana vipande vingine vyote vina jentiani leo.

Nilipojifungua, alinijia na mkate mrefu wa zabibu kavu, kama ilivyo desturi ya huku kwa mzazi. Akanitazama macho. "Lala, binti. Huyu namshika mimi." Nililala saa tatu nzima.

Agosti hii tulitafuta pamoja asubuhi yote. Hakuna kitu.

"Labda mwakani," akasema. Kisha akageuka kutazama upande wa barabara.

Roelfien, tunakushukuru. Sitakudanganya kwamba litaota. Ila kila Agosti nitapiga magoti pale, na sitapitisha macho juu juu. Likichomoza hata moja, nitakupigia wewe kwanza, mkurugenzi atasubiri. Pumzika, ule vizuri, uwe na afya. Na simu usiizime.

Jantien Meppelink, kwa niaba ya wenzako wa nyikani