Kasmaly Tentiev, Mpanda Farasi Aliyeikataa Vodka

Ndugu waombolezaji, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Jangy-Bulak, nanyi mliovuka mlima kutoka Naryn, mimi ni Aijarkyn, binti mkubwa wa marehemu, na ninajua kwamba si desturi yetu mwanamke kusimama mbele ya wanaume kabla ya sala ya jeneza, mahali pangu ni ndani ya hema pamoja na wanaolia, lakini baba aliniagiza mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kwamba historia yake niisome mimi, na asiyetaka kusikia sauti ya mwanamke anaweza kusubiri kule walikofungwa farasi mpaka nimalize.

Asubuhi hii baba mkubwa Sadyr, kaka yake marehemu, aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, sema ni moyo. Watu wengi hufa kwa moyo, haina aibu."

Nikamjibu, "Baba mkubwa, moyo wake ulikuwa mzima. Kilichooza ni ini."

"Basi sema ini, uishie hapo."

Sitaishia hapo.

Marehemu Kasmaly alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Jangy-Bulak, wilaya ya At-Bashy, akiwa mtoto wa nne wa mzee Tenti, mchungaji wa shamba la serikali, na bibi yetu Kanyshay, alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1978, akatumikia jeshi huko Chita kuanzia 1979 hadi 1981, kisha akaingia chuo cha mifugo mjini Naryn, na mwaka 1984 akarudi nyumbani kuwa tabibu wa mifugo katika shamba lile lile alilochungia baba yake. Wazee mliopo mnamkumbuka kwenye mchezo wa kugombea mzoga wa mbuzi, alivyokuwa akiinama hadi nywele zinagusa majani huku farasi anakwenda mbio, akaunyakua mzoga kwa mkono mmoja, na mnakumbuka pia zawadi ya mshindi ilikuwa nini, glasi ya vodka iliyojaa, aliyopokea akiwa bado juu ya tandiko, nanyi mkimshangilia mpaka aimalize. Hakuzaliwa mlevi. Alifundishwa, na waliomfundisha walimpenda.

Tarehe 8 Agosti 1985 alimwoa mama yetu, Uulkan, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1987, Esen mwaka 1990, na Burul mwaka 1996.

Mwaka 1994 shamba la serikali lilivunjwa, kondoo wakagawanywa, na mshahara wa mwisho wa baba ukalipwa kwa makasha ya vodka, ambayo wengine waliyauza sokoni na yeye akayanywa, na yalipokwisha akatafuta mengine. Nitasema pombe ilivyomfanya, kwa sababu wengi wenu mlikuwa mkicheka. Kwanza ilimchangamsha, akaimba, akawa mkarimu, kwa maana ile sehemu ya ubongo inayomwambia mtu "acha" ndiyo inayolewa mapema kuliko zote, kisha ikawa mikono inatetemeka kila asubuhi, asiweze kushika sindano ya kuchanjia kondoo mpaka apate glasi ya kwanza, kisha nyayo zikafa ganzi, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga sufi. Majira ya baridi ya 2003 alianguka njiani akitoka kwenye matanga, akavua koti katika theluji kwa sababu pombe ilimdanganya kuwa ana joto, wakati joto lenyewe lilikuwa likimtoka, na mama ndiye aliyemkuta alfajiri akamburuta hadi nyumbani, vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi vikakatwa.

Februari 2008 mama aliificha vodka yote, akidhani anamwokoa. Siku ya pili baba aliona kondoo wanapanda ukutani, akawa anawaita kwa majina, kisha mwili ukakakamaa, akatokwa povu, akapoteza fahamu. Ninyi mlio na mlevi nyumbani, msifanye kama tulivyofanya, mtu aliyekunywa miaka mingi haachishwi nyumbani kwa ghafla, anapelekwa hospitali, maana kuacha nako kunaweza kumuua.

Hospitalini Naryn alipokewa na daktari Raykan, mwanamke mfupi asiyebembeleza mtu. Fahamu zilipomrudia, baba alimweleza kwa utulivu kabisa kwamba asubuhi hiyo alikuwa malishoni anachanja kondoo na babu Tenti, wakati babu tulimzika mwaka 1988. Mama akaanza kulia, akidhani mumewe amepata kichaa au anatudanganya.

"Hadanganyi," daktari akasema. "Pombe imemnyima vitamini, ubongo umepata mashimo katika kumbukumbu, nao unayajaza kwa chochote kilicho karibu. Tutamchoma sindano za vitamini, tuone kitakachorudi."

Baada ya majuma kadhaa daktari alimwambia baba, "Kasmaly, simama. Unganisha miguu. Sasa fumba macho."

Baba alifumba macho, na kwa kuwa nyayo hazikuhisi sakafu, akaanguka kama gunia, mimi na Esen tukamdaka. Alipokaa sawa akasema, "Farasi nikimfunga macho, hubaki amesimama."

"Farasi hanywi," daktari akamjibu.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo baba hakunywa tena. Akili ilirudi polepole, kwanza njia ya kwenda kisimani, kisha majina ya jirani, kisha dawa za mifugo, akarudi kutibu kondoo kwa fimbo mkononi, na juu ya farasi alikuwa yule yule, kwa sababu farasi alimpa miguu minne. Lakini miaka mingine haikurudi kamwe. Burul alimwuliza siku moja, "Baba, siku niliyozaliwa ilikuwaje?" Akasema, "Sijui, mwanangu." Ikabidi mama awasimulie wote wawili, wamekaa bega kwa bega, wanasikia habari hiyo kwa pamoja.

Na hapa ndipo wengi wenu mlipomchukia, alipokuwa mzima. Mlipomwona mlevi mlimcheka na kumwongezea glasi, alipoacha mkasema ana dharau. Katika matanga ya mzee mmoja wa ukoo huu, mtu alimsukumia glasi akamwambia, "Kunywa kwa heshima ya marehemu."

Baba akairudisha, akasema, "Marehemu hana kiu."

"Siku hizi umekuwa mwanamke, Kasmaly?"

"Mwanamke ndiye aliyenitoa kwenye theluji. Nyie wanaume mlikuwa mmelala."

Mwaka 2012 nilipoolewa, alitangaza kwamba mezani kwake haitawekwa hata chupa moja, na nusu ya ukoo wakaondoka kabla nyama haijaiva. Baba mkubwa Sadyr alimwambia langoni, "Unatuaibisha mbele ya wakwe." Baba akamjibu, "Kaka, miaka kumi na minne nilitapika mbele ya watu, hukuona aibu. Leo nimesimama kwa miguu yangu ndiyo unaona?" Wakwe zangu walibaki, wakala, wakacheza mpaka jioni.

Machi 2019 tumbo lilianza kujaa maji, macho yakawa ya manjano, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Baba alimwuliza daktari Raykan, "Nimeacha miaka kumi na moja. Kwa nini sasa?"

"Ini lako lilikuwa na makovu tayari, na kovu kama hilo halifutiki," akamwambia. "Usingeacha, tungekuzika ule mwaka uliofuata."

Baba akatabasamu. "Basi nimeipokonya pombe miaka kumi na moja."

Katika miaka hiyo aliwaona wajukuu wanne, na siku walizozaliwa alizikumbuka zote, mpaka hali ya hewa. Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Oktoba 2019, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Familia inamshukuru daktari Raykan na wauguzi wake, majirani waliotuchotea maji na kutulishia mifugo, matabibu wa mifugo wenzake wa At-Bashy waliosimamisha kazi wakaja kuchimba kaburi, na nyote mliofika. Nyama ipo, mikate ipo, chai ipo. Vodka haipo, na aliyekuja nayo kwenye gari aiache huko huko kwenye gari.

Imamu atawauliza sasa, kama desturi yetu ilivyo, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nanyi mtajibu kuwa alikuwa mtu mwema, jibu mnalompa kila anayezikwa. Kwa baba yangu msijibu kwa mazoea. Mmesikia kilichomuua, mmesikia alivyokikataa, jibuni mkiwa mnajua, na jibuni kwa sauti, ili mama asikie kule ndani ya hema.

Baba, udongo wako uwe laini kama hariri. Pumzika kwa amani, umeipigania.