Mama wa Kambo kwenye Runinga ya Basi

Basi la kutoka Kondoa lilikuwa linakaribia Dodoma. Kwenye runinga, mama wa kambo alikuwa akitia sumu kwenye uji wa mtoto.

"Ndivyo walivyo," akasema mzee wa kiti cha mbele. "Filamu zinatufundisha."

"Zinatufundisha kuogopana, babu," akajibu mwanachuo aliyeketi naye. "Umewahi kuona yenye mama wa kambo mwema?"

"Hiyo ataitazama nani?"

Nyuma yao Evodia, aliyelea watoto watatu wa mke mwenziwe marehemu, alishindwa kuvumilia.

"Shikamoo, mzee. Nitaitazama mimi."

"Marahaba. Kumbe wewe ni wa kambo?"

"Ndiyo. Na binti niliyemlea amejifungua, ameniita nikamkande."

Basi likasimama, na Evodia akawa wa kwanza kushuka.