Mama Vitanda, Mgomvi Wetu Mpendwa, Anastaafu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, msimamizi wa vyumba katika makazi yetu ya wazee wasio na pa kuishi atakabidhi funguo na kwenda kupumzika kwa dada yake. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu na la heshima. Humu ndani anaitwa Mama Vitanda, na ukimwita vingine haitiki. Mimi ni mpishi wa makazi haya. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mkurugenzi, hakuna aliyegombana naye kunishinda. Sikatai.

Alianza kama mfagizi, enzi nyumba hii ilipokuwa ikipokea kila asiye na pa kulala, kijana kwa mzee. Vitanda vilikuwa vya ghorofa. Vijana waliwahi vya chini, na wazee, waliofika polepole kadiri miguu ilivyowaruhusu, wakabakiwa na vya juu. Mtu wa miaka sabini na ngazi ya chuma gizani ni wapi na wapi? Kila asubuhi Mama Vitanda aliwakuta wamesinzia kwenye viti vya ukumbini, shingo zimepinda, na wengine walishaona afadhali kurudi kwenye mabaraza ya maduka. Akauomba uongozi uwatengee wazee mahali pao. Akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Tunaomjua tunajua kwamba subira yake ni fupi. Siku ya usafi mkuu alimleta jirani yake, fundi wa kuchomelea, wakavitenganisha vitanda vyote vya upande wa nyuma, wakavipa miguu na kuviweka chini kimoja kimoja. Kamati ilipofika kukagua, maji yalikuwa yameshamwagika. Ilimpa onyo kwa maandishi, kisha, kwa kuwa vitanda havikuweza tena kupandana, ikatangaza kwamba upande huo sasa ni wa wazee. Baadaye vijana walipata jengo lao, na nyumba nzima ikawa ya babu na bibi zetu. Onyo lile alilitia kwenye fremu, nalo linaning'inia sebuleni kwake, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Lakini kilichompa sifa zaidi ni namna yake ya kupanga watu vyumbani. Sisi wengine tungemlaza mpole na mpole mwenzake. Yeye hufanya kinyume. Anaamini kwamba mzee aliyezoea pilikapilika za barabarani, ukimweka kwenye kitanda safi na kimya kingi, hufifia mbele ya macho yako. Anahitaji mtu wa kumkera kidogo. Kwa hiyo mpenda redio hulazwa na mchukia redio, na mwenye kuamka alfajiri huwekwa na mwenye kukoroma hadi saa tatu. Mwenye wa kubishana naye, hupenda kusema, ana sababu ya kuamka.

Tulimcheka hadi tulipowaona bibi muuza mboga na bibi mkunga. Miaka minne waligombania dirisha moja, huyu akilitaka wazi, yule akitaka lifungwe. Mkunga alipolazwa hospitali, muuza mboga aligoma kula mpaka tukampeleka wodini. Akamwinamia mwenzake na kumweleza kwa uchungu kwamba dirisha sasa liko wazi kutwa nzima na wala halina raha yoyote. Mkunga alirudi wiki iliyofuata. Dirisha lilifungwa siku hiyo hiyo.

Si kwamba hajawahi kukosea. Aliwahi kuwaweka pamoja fundi cherehani na mlinzi wa zamani, akidhani watakwaruzana. Wazee wale wakakubaliana kwa kila kitu, na kabla mwaka haujaisha wakahama, wakapanga chumba nyuma ya soko na kufungua kibanda cha kushona viraka. Sisi tulishangilia. Yeye mpaka leo huihesabu kama kazi iliyomharibikia, na suruali zake huzipeleka kwao kwa kununa.

Sasa niseme la Mzee Dereva, maana bila yeye wasifu huu utakuwa na pengo. Aliendesha malori ya mizigo maisha yake yote, na ajira ilipokwisha akawa analala kwenye baraza la duka la matairi. Aliletwa kwetu na gari la wagonjwa, kifua kimembana. Akapona, akashukuru, akaondoka. Akaletwa tena, akapona, akaondoka. Mara ya tatu daktari alisema waziwazi kwamba mvua ikimkuta tena barazani, tusitarajie kumwona akirudi. Tatizo ni kwamba mzee huyu hagombani na mtu. Kila unachomwambia anakubali, kisha anachukua mfuko wake.

Mama Vitanda akaamua kugombana naye mwenyewe. Asubuhi moja, akitandika, alitamka kwamba kwenda kwa dada yake njia ya darajani ni fupi kuliko ya mlimani. Mzee Dereva, aliyezipita njia zote mbili usiku na mchana, alishindwa kumeza chai yake. Ubishi ule ukadumu miaka mitatu, na kwa miaka mitatu mfuko ulibaki chini ya kitanda. Nakiri kwamba nami niliunga mkono upande wa daraja, kwa makusudi tu.

Habari za kustaafu zilipotangazwa, Mzee Dereva alisema kwa adabu zake zote kwamba siku hiyo na yeye atakwenda zake. Muuguzi alimsihi. Mimi nilimwongezea nyama. Akala, akashukuru, na kusema ameshaamua. Ilituuma sana, kwa sababu anga lilikuwa limeanza kuwa zito.

Mama Vitanda hakumsihi. Alimwambia sawa, aende, ila kwanza amsindikize kwa dada yake Jumamosi, kwa basi la mlimani, wamalize ubishi. Akanunua tiketi mbili za kwenda na moja ya kurudi Jumapili kwa njia ya darajani. Mzee Dereva aliuliza ile ya tatu ni ya nani. Akajibiwa kwamba lazima mtu arudi kumwambia mpishi nani kashinda. Mzee aliitia tiketi mfukoni, na tangu siku hiyo hatukujua moyoni mwake mna nini.

Mama Vitanda, kwa niaba ya wafanyakazi na wazee wote, ahsante. Umewarudishia watu wazima mahali pa kulala, na hamu ya kuamka. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli, na dada mvumilivu. Nami najua neno moja tu litakalokunyima usingizi huko, kwa hiyo nalimaliza hapa. Jana mchana Mzee Dereva alikuja kwenye dirisha la jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliniomba Jumapili nimfunikie chakula chake cha jioni, kwa kuwa basi la darajani, alisema, siku zote huchelewa. Nimemwambia nitakifunika.