Taha Barka na Kituo cha Nyuma ya Mlima

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Taha Barka wa Wiyoni, mchukuzi wa mawe kwa punda, miaka thelathini na nne. Alifariki wiki iliyopita kwa homa ya siku nne tu. Na nakiri mapema: huyu mtu nilikuwa simwamini.

Si mimi peke yangu. Amu nzima, kisiwa chetu chote cha Lamu.

Mwaka juzi Taha alikwenda bara kukimbia mbio za mlimani. Kilomita arubaini na mbili, mawe, matope, baridi. Sasa fikiria. Amu hakuna mlima! Mazoezi alifanyia kwenye vilima vya mchanga vya Shela, gunia mgongoni. Akamaliza wa saba. Wa saba, kati ya watu mia mbili! Hapo watu wakaanza kutazamana.

Halafu matokeo yakatoka, jina lake limefutwa. Nyuma ya mlima kulikuwa na kituo kimoja cha maji. Namba yako wanaiandika ukipokea maji. Ya Taha haikuandikwa. Basi, kesi imekwisha: amekata njia.

Aliposhuka chomboni hapa jetini, Fawaz, mchukuzi mwenzake, alimpokea kwa kelele. "Taha! Kule mlimani ulipanda punda gani? Nami nimtafute!"

Watu wakacheka mpaka basi. Taha akasema, "Ndia yote nimeipita kwa miguu yangu, Fawaz."

Hakuongeza neno. Tukamwita Taha Mkato. Hata hapa redioni nilimtaja hivyo nikisoma salamu. Niliwaza, asiye na kosa si angejitetea?

Wiki iliyopita, kabla ya maziko, imamu aliomba tumsamehe marehemu. Tukaitikia, "Tumemsamehe!" Sauti yangu ilikuwa juu.

Mkewe, Bi Ruwaida, yuko eda nyumbani. Alinipigia simu. "Ndugu yangu, nasikia mumemsamehe. Mumemsamehe nini?"

Nikamwambia, ule mkato wa mbio.

Akanieleza. Siku ya mbio Taha alikuwa amefunga. Ramadhani imekwisha, yeye anafunga sita za Shawwal, zile siku sita za hiari. Pale kituoni hakusimama, maji angeyafanyia nini? "Nilimwambia, waeleze. Akanambia, nikisema, saumu itakuwa ya watu, si ya Mungu."

Wasikilizaji, bado sikuamini. Mjane atamtetea mumewe, si ndiyo? Nikatafuta namba ya Chelangat, mkimbiaji wa bara aliyemaliza nyuma ya Taha.

"Kwani wewe ni nani?" akauliza. "Mbona unauliza leo?"

Nikamwambia Taha amefariki.

"Yule wa kofia nyeupe? Woi. Nilikuwa nyuma yake tangu huko juu. Pale kituoni nilibeba gilasi mbili, nikamkimbilia nimpe moja. Alitikisa kichwa, akacheka, akaenda. Kwani walimtoa? Hakuna mtu aliniuliza."

Hakuna mtu alimuuliza. Miaka miwili!

Bi Ruwaida, pamoja na binti yako Nana, poleni sana. Mungu amrehemu Taha, amlaze pema. Narudia, na wa Wiyoni mnisikie: Taha Barka hakukata njia. Mlima wote aliupita, na koo kavu.

Nawe unayenisikiliza, yuko uliyemhukumu na hujamuuliza? Kama yu hai, nenda leo. Mimi nilisema nimemsamehe Taha. Sasa natafuta wa kunisamehe mimi, na Taha hayupo.